Mama hakunitambua redioni

SWALI: Nina miaka 31, naishi Nkuhungu, Dodoma. Kwa miaka tisa nimekuwa mwigizaji wa jukwaani. Kikundi chetu kinacheza kwenye viwanja vya shule, minadani, kwenye kampeni za afya na mara chache ukumbini. Nikipita sokoni Majengo watu wananiita kwa jina la mhusika wangu. Miezi miwili iliyopita nilipata nafasi kwenye mchezo wa redio wa sehemu 52, kila moja dakika 15. Nacheza mama wa Kigogo wa huko Bahi, mkorofi kidogo. Tumesharekodi sehemu nane. Prodyuza ananikatisha kila saa: “unapiga kelele”, “unaigiza mno”, “punguza”. Nikipunguza anasema nimepoa. Jioni sauti inakuwa imekauka, na Jumamosi nina maonyesho na kikundi. Sehemu ya kwanza iliporuka nilimpigia mama yangu aliye Mpwapwa asikilize. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, “Mbona wewe hukutokea?” Nililia. Wenzangu wanasema redio ni ya walioshindwa jukwaa, na kiongozi wetu anataka nichague upande. Tena nimeletewa karatasi ya kusaini inayosema sauti yangu ni ya mradi “kwa matumizi yote”. Je, kipaji changu ni cha jukwaani tu? Niendelee au niache?

JIBU: Dada yangu, pole. Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara macho yanarudi pale pa mama. Umeuliza mambo mengi, ila naona yamefungwa kwenye fundo hilo moja: mtu aliyekuzaa, anayekujua ukikohoa tu chumba cha pili, amekaa na redio robo saa nzima na hakukusikia. Tutafika huko. Kwanza nikutoe hofu. Sehemu nane ni chache mno kumhukumu mtu. Wengi ninaowaona wakinyooka siku ya kwanza studio ni wale ambao hata jukwaani walikuwa hawasikiki mstari wa tatu. Wewe umeingia chumba kidogo na nguvu za uwanjani, basi.

Nayajua haya kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa na miaka mingi ya jukwaa nilipoitwa kurekodi mchezo kwenye kituo kimoja, nikajiona ndiye mkombozi wao. Nilisema maneno mawili tu, fundi mitambo akainua mkono nyuma ya kioo. Mshale wa mita ya kupimia sauti ulikuwa umegonga mwisho na kubaki huko. Akabonyeza kitufe akaniambia taratibu kabisa, “Kaka, mimi niko hapa hapa, siko Singida.” Wenzangu walicheka mpaka tukapumzika chai. Ilinichukua karibu mwezi kuelewa alichokuwa akiniambia.

Sasa tuangalie kinachotokea. Uwanjani, yule mtu wa mwisho unayetaka akusikie yuko kama mita 30, na katikati yenu kuna upepo, jenereta, watoto wanaogombania nafasi na bodaboda asiyezima injini. Sauti hupungua haraka ikisafiri: umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayofika hubaki robo. Kwa miaka tisa mwili wako umejifunza kulipa deni hilo. Unafungua kifua, unavuta irabu, unapandisha sauti, unainua kidevu ili maneno yapite juu ya vichwa vya waliokaa mbele. Studio, maiki iko shibiri moja kutoka mdomoni, yaani kama sentimita 20. Msikilizaji wako amesogea mara 150. Ukimsemesha kwa sauti ya mita 30, anasikia mtu amemwekea mdomo sikioni na kufoka.

Hapo ndipo wengi hukosea, na nadhani wewe pia. Prodyuza akisema “punguza”, mwigizaji anapunguza kila kitu: sauti, hasira, haraka, hamu. Anabaki anasoma. Ndiyo maana anakugeukia tena na kusema umepoa. Anachotaka kipungue ni msukumo wa hewa peke yake. Hasira ibaki pale pale, pengine iongezeke, kwa kuwa sasa haina pa kutokea.

Tuchukue mstari mmoja, nautunga hapa: “Nani kachukua ufunguo wa ghala?” Uwanjani ungeutupa kwa watu wote, ukizunguka, mkono kiunoni, na “ghala” lingevutwa mpaka kwenye miti. Studio jaribu hivi. Mama yako wa Bahi anajua fika nani kauchukua. Ni mwanawe wa mwisho, amekaa hapo kwenye kigoda anakula ugali wa uwele na mlenda, hainui macho. Mama hana haja ya kupaza sauti, maana mtoto yuko umbali wa kumpiga kofi. Anasema “nani”, anasimama kidogo, anamwangalia, halafu anamalizia sentensi kwa sauti ya kawaida kabisa. Msikilizaji wa Kondoa aliyekuwa anaosha vyombo ataacha kuosha. Kelele ungempigia angeendelea kuosha, kwani kelele amezizoea.

Jifunze kuipima maiki kama ulivyozoea kulipima jukwaa. Shibiri moja ni mazungumzo ya ndani ya chumba. Nusu shibiri, kwa sauti ya chini, ni siri, au mawazo yanayopita kichwani mwa mhusika. Urefu wa mkono ni mtu aliye upande wa pili wa meza. Hatua mbili tatu nyuma, uso umeugeuza pembeni, tayari uko uani unamwita mtu aingize mbuzi. Ukitaka kufoka kweli, na mama mkorofi lazima siku moja afoke, rudi nyuma hatua moja, geuza kichwa kidogo, kisha foka. Fundi mitambo atakushukuru. Lakini usiisogelee mno maiki: nyingi za studio ukizikaribia sana huongeza besi, na sauti ya mwanamke wa kijijini inageuka ya mtangazaji wa usiku wa manane. Halafu kuna pumzi ya “p” na “b”. Weka kiganja mbele ya mdomo useme “Baba Pili alipita pale”, utasikia upepo ukikupiga. Maiki nayo inapigwa hivyo hivyo, na redioni hutoka mlio kama mtu kaangusha gunia. Dawa yake ni kusema ukiipitishia maiki pembeni badala ya kuilenga katikati.

Wenzako wanaosema redio ni ya walioshindwa jukwaa nadhani hawajawahi kumwona mwigizaji wa redio akifanya kazi. Mwili hauachwi mlangoni. Simama, usikae, isipokuwa mhusika amekaa. Tumia mikono, kunja uso, piga paja. Mhusika akiwa amejitwika ndoo ya maji, beba kitu kizito kweli, hata begi la fundi, maana mzigo hubadilisha pumzi na pumzi hubadilisha sauti, na hakuna namna ya kuigiza hilo kwa koo tupu. Kichwa tu ndicho kisichotangatanga. Vua bangili. Usivae kanga mpya yenye wanga, inapiga kelele kuliko wewe. Skripti iwe kurasa moja moja, usizibane kwa pini. Ukimaliza ukurasa uteremshe pole pole, usiupindue.

Jambo jingine linalowasumbua watu wa jukwaa ni kusoma. Nyinyi mmezoea kukariri na kufanya mazoezi wiki tatu kabla ya onyesho moja. Huku sehemu 52 za dakika 15 ni dakika 780, saa 13 za mchezo, na mnaweza kurekodi sehemu tatu au nne kwa siku moja. Kukariri haiwezekani, na ukijaribu utajichosha bure. Soma nyumbani usiku wa kuamkia kurekodi, kwa sauti, na penseli mkononi. Weka alama ndogo ya mkwaju (/) pale utakapovuta pumzi. Pigia mstari neno moja tu katika kila sentensi, lile ambalo mhusika hawezi kuliacha. Mtu anayesoma utamjua kwa sababu anayapa maneno yote uzito sawa na anapumua kwenye kila koma. Watu hawapumui kwenye koma. Wanapumua wanapoishiwa, au wanapoogopa.

Na waachie wengine nafasi. Jukwaani ukinyamaza, watu wanaona uso wako. Redioni ukimya wa sekunde mbili ni mrefu kama barabara ya Manyoni, unakufanya utamani kuujaza. Usiujaze. Pengine fundi ameacha pale mlio wa mvua, ambayo mimi nimewahi kuitengeneza kwa mchele kwenye ungo, au nyayo za mtu shambani, ambazo ni mabua makavu ya uwele yanayokanyagwa polepole ndani ya karai. Ukisema juu yake, umemnyang'anya msikilizaji shamba lake.

Haya, tuje kwa mama. Unasema unacheza mama wa Kigogo wa Bahi. Nami nakuuliza, unaichezaje lafudhi yake? Sijakusikia, lakini nimewasikia wengi, na naweza kubashiri. Jukwaani tuna “Mgogo” wetu wa kuchekesha: anavuta mwisho wa kila neno, anashangaa kila kitu, anasalimia “mbukwa!” kwa kishindo, na watu wanacheka kabla hajasema jambo. Mgogo huyo hajazaliwa Bahi wala Mpwapwa. Amezaliwa kwenye vichekesho, tukaambukizana sisi kwa sisi. Mama yako ni Mgogo kweli, anasema Kiswahili chenye mwendo wa Kigogo kila siku ya Mungu, na aliposikia redioni sauti ya yule wa vichekesho hakuwa na sababu ya kudhani ni mtoto wake. Hata hakudhani ni jirani yake. Aliendelea kusubiri mtu atokee.

Naandika hivi bila kukulaumu, kwani huenda prodyuza ndiye aliyekuomba “weka Ugogo kidogo”. Mjibu kwa vitendo. Mwanamke wa Bahi anayegombana na mumewe hagombani kwa lafudhi, anagombana kwa sababu ng'ombe ameuzwa bila yeye kuulizwa. Lafudhi inakuja yenyewe, kwenye kasi, kwenye pale anapokaza neno na pale anapolimeza. Jukwaani lafudhi nene inasaidia kwa kuwa watu wa nyuma wanahitaji kumtambua mhusika haraka. Masikioni inachosha ndani ya dakika tatu, na kwa wasikilizaji wa mkoa huu inaumiza kidogo. Una bahati ambayo waigizaji wengi wa Dar es Salaam wangeilipia nauli: chanzo chako kiko Mpwapwa na kina simu.

Kuhusu sauti kukauka jioni, hapa nitakuwa mkali kidogo. Nyuzi za sauti ni vikunjo viwili vidogo ndani ya koo, na mwanamke anapoongea hugongana karibu mara 200 kila sekunde. Ukisukuma hewa kwa nguvu vinagongana kwa nguvu. Ukifanya hivyo kwa muda wa saa tano studio, kisha Jumamosi uwanjani kwenye vumbi, hujavipa siku ya kupona. Na hewa yetu unaijua. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo ni ukavu na upepo unaobeba vumbi hadi mvua irudi. Nyuzi hizo hupenda unyevu.

Nijuavyo waigizaji, tayari umeshapewa asali, tangawizi, ndimu, na kuna mtu amekuambia umeze yai bichi. Tangawizi ni nzuri kwa kuchangamsha, lakini elewa kwamba chochote unachomeza hakipiti juu ya nyuzi za sauti. Kingepita ungepaliwa. Maji yanasaidia kwa njia ya kuzunguka, mwili mzima ukiwa na maji ya kutosha, kwa hiyo kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi badala ya chupa nzima dakika tano kabla ya kurekodi. Mvuke ndio unaofika pale moja kwa moja: oga maji ya moto, au vuta mvuke wa maji yaliyochemka kwa uangalifu, usijiunguze. Pipi za mnanaa zinakudanganya kwamba koo limefunguka, unaendelea kulichapa. Na usinong'one ukikaukwa, wengi wetu tukinong'ona tunakaza koo zaidi. Ongea chini kwa sauti yako ya kawaida, au nyamaza.

Kabla ya kurekodi chukua chupa yenye maji kama vidole vinne, tumbukiza mrija, upulize huku ukitoa sauti ya “uuu”, mapovu yapande, dakika mbili tatu, sauti ikipanda na kushuka. Utaonekana kichekesho kwenye daladala, lakini ni zoezi linalotumika sana na wataalamu wa sauti, kwa sababu maji yanasukuma hewa irudi kidogo na nyuzi zinafanya kazi bila kugongana kwa ukali. Lifanye pia ukimaliza kazi.

Nenda ukaonwe ana kwa ana, kwenye kliniki ya pua, masikio na koo ya hospitali ya rufaa, ikiwa sauti imekauka zaidi ya wiki tatu bila kurudi vizuri, hata kama huumwi kitu. Nenda mapema zaidi, siku hiyo hiyo ukiweza, kama sauti ilikatika ghafla ukiwa unafoka, kama unatema damu, unapata shida kupumua au kumeza, au umeona uvimbe shingoni. Daktari ataingiza kamera ndogo kuziangalia nyuzi zenyewe. Kuna vinundu vinavyoota kwa kuzitumia vibaya, na mara nyingi, vikiwa vichanga, huisha kwa mapumziko na mazoezi bila kisu. Na ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, kapime kifua kikuu, kituo cha afya chochote cha serikali, bure. Mimi ni mtu wa michezo, sauti yako siwezi kuitibu kwa maandishi.

Sasa lile la kuchagua. Kiongozi wa kikundi anaogopa kukupoteza, na hofu yake ina msingi. Lakini wazo lenyewe, kwamba aliyeenda redioni ameanguka kutoka jukwaani, halina historia nyuma yake. Mpaka 1994 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Mwigizaji aliyetaka kujulikana kutoka Kigoma hadi Lindi alikuwa na njia moja, Radio Tanzania Dar es Salaam. Waulize wazazi wako kuhusu wachekeshaji Pwagu na Pwaguzi, utaona wanavyotabasamu kabla hujamaliza swali. Mzee Jangala aliingia majumbani mwa watu kwa sauti wakati ambapo wengi wao hawakujua uso wake ukoje. Hawakuwa wameshindwa kitu.

Na kuna kisa cha hapa hapa Dodoma ambacho nakipenda. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, na dereva wake wa lori aitwaye Mkwaju, mlevi na mpenda wanawake. Ulisikika sehemu nyingi za nchi, isipokuwa eneo la mtambo wa Dodoma. Hapa watu waliwekewa vipindi vingine hadi 1995, kwa makusudi, ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia. Kulikosikika, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko huku. Hapo baadaye ukaletwa Dodoma pia. Kwa hiyo mji wako ni mojawapo ya mahali duniani ambapo nguvu ya mwigizaji wa redio ilipimwa kwa kuwanyima watu mchezo wenyewe. Mwambie hilo yule anayesema redio ni ya walioshindwa.

Ukitaka mfano wa mbali, Orson Welles wa Marekani alianza kulipwa jukwaani Dublin mwaka 1931 akiwa na miaka 16. Katikati ya miaka hiyo ya 1930 alikuwa New York akiigiza redioni mchana na kuongoza michezo ya jukwaani usiku, na fedha za redio alizimwaga kwenye jukwaa. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba alikodi gari la wagonjwa ili apite foleni kutoka studio moja hadi nyingine. Mwaka 1938 kikundi chake cha jukwaani, Mercury, kiliingia redioni pia. Agnes Moorehead, mmoja wa waigizaji wa kikundi hicho, mwaka 1943 aliwashika wasikilizaji nusu saa, kwa sehemu kubwa akiwa mwanamke mmoja kitandani na simu. Hakuna aliyechagua upande.

Hata hivyo sitakupamba. Redio ina machungu yake. Michezo mingi ya sasa huishi kwa fedha za miradi, ya afya, ya kilimo, ya haki za watoto, na mradi ukiisha mchezo unaisha hata kama nchi nzima inauliza kilichompata mhusika. Sehemu 52 ni karibu mwaka mmoja wa kuruka hewani kwa wiki mara moja, lakini kazi yako ya studio inaweza kumalizika ndani ya miezi mitatu. Ukilipwa kwa sehemu, hesabu fedha hizo kwa mwaka mzima, usizihesabu kwa mwezi wa kurekodi. Umaarufu wake pia ni wa ajabu: utapanda daladala ya Kisasa, abiria wawili wanamtukana mhusika wako, na wewe umebanwa katikati yao. Wapo wanaoufurahia. Wapo wanaokauka roho wasiposikia makofi. Upande mwingine, jukwaa linataka magoti, na mimi magoti yangu yalishaniaga. Redioni bibi wa miaka 70 anaweza kucheza binti, na sura haiulizwi.

Kwa hiyo ushauri wangu: mchezo umalize. Umeshaingia masikioni mwa watu, sehemu nane zimesharekodiwa, na kumbadilisha mhusika sauti katikati ni kuwaharibia wenzako wote. Kikundi usikiache. Mpelekee kiongozi ratiba ya kurekodi kwa maandishi, muombe jambo moja tu, kwamba usicheze uwanjani siku moja kabla na siku moja baada ya studio. Pia mshawishi kikundi kinunue spika ndogo na maiki ya kuvaa. Hakuna koo la mtu linaloweza kushindana na Mnada wa Msalato. Akikataa yote hayo na kukuambia ondoka, basi utakuwa umejua kwamba hakuwa akigombea sanaa. Pumzika jukwaa hadi mchezo uishe, ukarudi hapo au kwingine. Miaka tisa haifutiki kwa misimu miwili.

Karatasi ile usiisaini kama ilivyo. “Matumizi yote” yanaweza kuwa matangazo ya biashara usiyoyapenda, marudio ya miaka kumi bila senti, na siku hizi hata kuifundisha kompyuta isemeshe watu kwa sauti yako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mwigizaji, kwa hiyo hauombi hisani. Omba iandikwe ni mchezo gani, sehemu ngapi, vituo vipi, kwa muda gani, marudio yanalipwaje, na kwamba sauti bandia haitatengenezwa bila mkataba mwingine. Mara nyingi watakubali, kwa sababu karatasi zile hunakiliwa tu kutoka mradi mmoja hadi mwingine bila mtu kuzisoma. Kabla ya kusaini mwone wakili au kituo cha msaada wa kisheria hapo mjini, ukiwa na karatasi mkononi, na kama hujajisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, jisajili.

Nimebakiza kazi moja ya nyumbani, na ningependa uifanye kabla ya kurekodi tena. Usiku, funga dirisha, tandika blanketi mezani ili chumba kisivume, washa simu ya pili irekodi, kisha mpigie mama. Usimwambie kwamba unarekodi upande wako. Sauti yake haitakuwemo. Muulize bei ya karanga, mvua, kuku. Mkichanganya Kigogo, changanyeni. Mkiisha kuagana, usizime ile simu ya pili. Chukua skripti hapo hapo, kabla hujabadilisha mkao, usome mstari wa kwanza wa mama wa Bahi, kisha wa pili, mpaka ukurasa uishe. Halafu sikiliza kuanzia mwanzo. Kuna mahali utajisikia ukiacha kuongea na mama na kuanza kuigiza. Iandike dakika yenyewe, kampe prodyuza wako, muanzie hapo.